Siku Tulipoiongezea Nguvu Pikapu ya Mzee Marwa

Ninyi mnaoanza kushika spana sasa hivi, nawaonea wivu, halafu nawahurumia. Nawaonea wivu kwa sababu mnachomeka waya chini ya usukani, mnatazama kioo cha simu, na gari linawaambia lenyewe linaumwa wapi. Nawahurumia kwa sababu mwenye gari bado ni yule yule wa zamani, na yeye hana mahali pa kuchomeka waya.

Mimi ni Bhoke. Hapa Nyamisangura wanaoniita kwa jina hilo wamebaki wachache. Wengi waliniita Mama Fundi, na wachimbaji wa upande wa Kewanja waliniita Fundi Mwanamke, ili asije mtu akanichanganya na fundi mwingine. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha chini ya magari ya dizeli. Miguu yangu tu ndiyo ilikuwa inaonekana, na mteja akija anaisalimia miguu kwa heshima zote: "Shikamoo fundi, gari langu linakosa nguvu." Nikijivuta nje na uso wangu huu, anachungulia nyuma yangu: "Sasa fundi mwenyewe yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa najibu, "Amekwenda kunywa chai, niambie mimi nitamfikishia." Ananieleza yote, narudi chini ya gari, natengeneza, na jioni anaondoka akimwachia fundi salamu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Salimu, mtu wa Pangani aliyekuja Tarime kumsalimia ndugu yake akazeekea hapa hapa. Alikuwa fundi wa pampu za dizeli. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, anakuambia nozeli ipi inakojoa dizeli badala ya kuinyunyiza. Siku hizo kuliongezea gari nguvu hakukuhitaji kompyuta. Nyuma ya pampu kuna skrubu; ukiizungusha kidogo, injini inapata dizeli zaidi. Kidogo ndilo neno lenyewe, na mimi sikulisikia.

Tulikuwa na lori la mahindi. Mzee Salimu akaenda kuswali adhuhuri, akaniambia nimsubiri. Mwenye lori ana haraka, mimi nina kiburi cha ujana, nikaizungusha ile skrubu kama nafungua mfuniko wa chupa ya soda. Lori likatoka pale na nguvu za ajabu na moshi mweusi kama paa linaungua. Mbele yake kulikuwa na gesti iliyokuwa imeanika mashuka yake yote meupe. Mzee Salimu aliporudi kutoka msikitini alikuta mashuka yamekuwa ya kijivu, na mwenye gesti amesimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni.

Hakunigombeza. Alinipa ndoo na sabuni. Nilipokuwa nafua akaja akasimama karibu, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Bhoke, moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzia. Hiyo siyo nguvu, mwanangu. Ni chakula kilichomwagika." Lishikeni hilo. Kompyuta zimekuja, pampu zimebadilika, lakini dizeli bado inataka hewa, na ukiinyima bado inatoka nyeusi.

Basi, dhahabu ikapamba moto. Mzee Salimu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mimi ndiye niliyebaki na gereji. Mliozaliwa juzi hamwezi kujua jinsi mji ulivyobadilika. Mtu aliyekuwa akipita na jembe begani unamwona wiki inayofuata na miwani ya jua. Kuna mmoja alinunua suti tatu, na kwa kuwa hakuwa na kabati, akazivaa zote kwa pamoja. Na magari, yalikuja magari ambayo sisi hatukuwa tumewahi kuyafungua boneti.

Mzee Marwa alikuwa na duara karibu na Kewanja, yaani shimo lake la kuchimba, na duara lile likampenda. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kucheka, mfugaji hasa, na alipopata dhahabu alinunua pikapu ya dizeli yenye turbo, nyeupe. Akaiwekea mapazia yenye shada kwenye kioo cha nyuma. Vioo vya pembeni akaviinamisha vitazame chini, ili avione vizuri rimu zake mpya zisije zikakwaruzwa. Nilimwambia, "Mzee, vioo hivyo ni vya kuonea nyuma." Akasema, "Nyuma nimeshapita, Mama Fundi."

Siku moja akaja akiwa hacheki. Nikamwamkia, akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ya mgonjwa.

"Gari langu limelala," akasema. "Jana nimepakia mawe ya dhahabu kupeleka kwenye karasha yakasagwe. Kwenye kilima likaanza kutambaa. Lori la yule jirani yangu, lile bovu lililofungwa mlango kwa kamba, likanipita. Na dereva akaniambia pole."

"Tutaliangalia, mzee."

"Liangalie vizuri. Jumamosi nakwenda Susuni."

Habari ya Susuni tulikuwa tunaijua wote. Mwanawe Chacha alikuwa anamchumbia binti wa huko, Nyangi, mwalimu wa watoto wadogo. Baba yake Nyangi aliitwa Mzee Matiko, mkulima asiyecheka ovyo, na hakuwa anawaamini watu wa dhahabu. Alishamkataa Chacha mara moja. Safari hii alikubali, ila alikuja mwenyewe kwenye zizi la Mzee Marwa kuchagua ng'ombe wa mahari, na kati yao akamnyooshea fimbo dume mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Akasema wengine wakija bila huyo ni sawa na hawajaja. Ng'ombe wale wengine wangeswagwa kwa miguu mpaka Susuni. Lakini yule dume alikuwa amevimba kwato, hawezi safari. Ilibidi apandishwe kwenye pikapu. Na njia ya kwenda kwa Mzee Matiko ni vilima vitupu.

"Likinikwamia mbele ya wakwe," Mzee Marwa akasema, "Chacha atabaki hivyo hivyo."

Nikafungua boneti. Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Mteja akisema gari halina nguvu, msikimbilie kuongeza. Tafuteni kwanza nguvu yake ya kiwandani imekwenda wapi. Turbo kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini, na hewa ile inapita kwenye mipira minene. Mmoja wa mipira ile nikauona una jasho la oili upande mmoja, na vumbi limenata pale. Nikamwambia Mzee Marwa akae ndani akanyage mafuta, nikapaka maji ya sabuni. Povu likaanza kuchemka kama uji. Mpira umepasuka, hewa inayosukumwa yote inavujia barabarani. Nikafunga mpira mwingine, tukaenda kulijaribu, na gari likapanda kama siku ya kwanza.

Mzee Marwa akatikisa kichwa. "Limepona. Lakini nilikuwa nataka lizidi. Nimesikia Sirari kuna kijana anaongeza farasi kwa kompyuta."

"Farasi wangapi unataka, mzee?"

"Wewe mwambie alete wote."

Kijana mwenyewe aliitwa Odhiambo, wa upande wa pili wa mpaka. Alikuja na begi mgongoni, akasema, "Habari ya asubuhi." Mzee Marwa akanigeukia, "Huyu kwao hawajui shikamoo?" Nikamweleza kwamba huko kwao wanasalimia hivyo na hana ubaya. Nami nikakaa kumwangalia anavyofanya kazi, na nikaona ni fundi. Maana alianza kwa kuniuliza, "Mama, hii gari iko na shida yoyote ambayo unajua? Sitaki kuongeza nguvu kwa mgonjwa." Ungemsikia Mzee Salimu anavyocheka kaburini.

Tuliungana vizuri. Yeye akanionyesha jinsi lile sanduku la umeme linaloongoza injini, tuliloliita kontrol boksi, lilivyobeba programu ya kiwandani: dizeli kiasi gani, wakati gani, turbo isukume hewa kiasi gani. Kabla hajagusa chochote aliinakili ile ya kiwandani akaiweka pembeni. Mkumbuke hilo hata mkisahau jina langu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima vyuma. Breki zilikuwa nzuri. Oili nzuri. Klachi ndiyo ilinisumbua. Nilipoiweka gia kubwa nikakanyaga, mlio wa injini ukapanda lakini mwendo ukasita kidogo kabla ya kufuata. Klachi pleti ilikuwa imeliwa.

"Mzee, klachi hii inatosha kwa nguvu zilizopo, tena kwa shida. Ukiongeza itateleza. Niagize nyingine Mwanza."

"Itafika lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa naipeleka wapi, matangani?"

Tukakubaliana Odhiambo aongeze kidogo tu, na mzee akanyage mafuta taratibu. Odhiambo akachomeka waya wake. Nikaleta betri ya pili nikaiunga na ya pikapu, kwa sababu wakati programu inaandikwa umeme haupaswi kushuka hata kidogo. Odhiambo akasema kwa sauti, "Sasa mtu yeyote asiguse kitu kwa hii gari. Mlango, taa, redio, chochote." Mzee Marwa alikuwa kwenye kiti cha dereva, amekataa kutoka. Akaitikia vizuri kabisa.

Tukiwa tunatazama ule mstari wa kijani ukitambaa kwenye kompyuta, wakapita barabarani wazee wawili anaofahamiana nao. Kioo cha dirisha kikashuka kwa umeme, na honi ikalia mara mbili.

Mstari wa kijani ukasimama.

Odhiambo akautazama, kisha akamtazama Mzee Marwa. "Mzee, umepiga honi?"

"Nimewasalimia tu."

Tukawasha, kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Gari lililoingia gerejini likinguruma lilikuwa limekuwa jiwe, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Mzee Marwa akashuka polepole, akaizunguka pikapu yake, akaweka mkono juu ya boneti kama anapima homa. "Limekufa?" akauliza. Hapo nikamwonea huruma. Haikuwa tena habari ya kuwaonyesha watu.

"Halijakufa," Odhiambo akasema. "Lakini sasa utaniacha nifanye kazi, na utakaa mbali na honi."

Nikampa mzee kibao akae nje ya gereji, nikamwambia aikalie mikono yake. Aliikalia kweli. Odhiambo akaling'oa lile sanduku, akalifungua juu ya meza yangu, akaunga nyaya nyembamba kama nywele kwenye vidude ambavyo mimi nilihitaji miwani kuviona. Alifanya hivyo kutwa, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ile nakala ya kiwandani aliyoiweka pembeni ndiyo iliyotuokoa. Aliirudisha ndani, na nilipowasha, gari likaitika. Mzee Marwa, pale kwenye kibao, akatoa mikono chini ya mapaja, akainua mmoja kuomba ruhusa ya kuja.

Kesho yake Odhiambo akaandika ile programu mpya, mzee akiwa amepelekwa kunywa chai hoteli ya mbali. Tukatoka kulijaribu na mifuko ya mchanga nyuma. Vijana, sijapata kuona kazi safi kama ile. Pikapu ilipanda kilima kile bila kulalamika, na nyuma hakukuwa na moshi hata wa sigara.

Mzee Marwa akaegesha, akashuka, akaenda kuinama kwenye ekzosi.

"Moshi uko wapi?"

"Hakuna moshi, mzee," Odhiambo akasema. "Dizeli yote inaungua. Ndiyo nguvu yenyewe."

"Mura, kijana wangu, mimi ni mfugaji. Ng'ombe anayekula vizuri unamjua kwa kinachotoka nyuma."

Odhiambo akajaribu kumweleza, mimi nikamweleza, mpaka ya Mzee Salimu na chakula kilichomwagika nikamweleza. Akasema ameelewa, lakini kama hatuongezi, kuna mtu mwingine Sirari ataongeza. Odhiambo akaniita pembeni. "Mama, akienda kwa wale wengine watamwekea ile ya mashindano, ataua injini. Heri nimpandishe kidogo huku chini, pale gari inapoanza kuondoka, asikie ikiruka. Lakini klachi?" Nikasema klachi itafika Susuni kama atakanyaga kwa adabu. Odhiambo akapandisha. Safari hii mzee alipogusa mafuta pikapu iliruka mbele kama imechomwa na nyigu, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Tukamwambia wote wawili: kanyaga kama unakanyaga yai.

Jumamosi ikafika. Mzee Marwa akaniomba niende naye, gari lisije likakohoa njiani akakosa wa kuliuliza. Dume akapandishwa nyuma, akafungwa pembe kwenye bomba la mbele la bodi kwa kamba ya katani. Nilikagua oili, maji, mipira, breki. Kamba hakuna aliyeikagua. Kamba siyo injini. Chacha akavaa koti lake jipya la harusi, akapanda pikipiki kutufuata. Mzee mwenyewe akashika usukani, redio ikafunguliwa, vioo vikapandishwa kwa ajili ya vumbi, mapazia yakaning'inia nyuma, tukaondoka.

Mwanzoni alikanyaga yai kweli. Tatizo lilikuja kwenye kilima cha mwisho. Mbuzi walikuwa wanavuka, tukasimama katikati ya mwinuko, gari limeinua pua. Mbuzi wa mwisho alipopita, watu waliokuwa wanalima kando wakainua vichwa kututazama. Mzee Marwa akaona watazamaji, akasahau yai.

Pikapu iliruka. Kichwa changu kiligonga kiti. Nikasikia kitu nyuma kama mlango umefungwa kwa nguvu, na harufu ya kuungua ikaanza kuingia, harufu kama ya kwato iliyochomwa, ambayo kwa fundi maana yake ni moja tu.

"Klachi, mzee. Punguza."

Hakunisikia. Uso wake ulikuwa uking'aa. "Mama Fundi, unaona? Unaona linavyopanda? Kama halina mzigo."

Nyuma nikasikia honi ya pikipiki ya Chacha ikilia mfululizo. Mzee Marwa akashusha kioo, akatoa mkono, akampungia.

Tukaingia kwa Mzee Matiko kwa vigelegele. Wazee walikuwa wameketi wakitusubiri, na ng'ombe wale waliotangulia walikuwa wamekwisha kupokelewa zizini. Mzee Marwa akashuka, akaweka sawa kofia yake, akaamkiana na wenzake. Mzee Matiko akaenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, mikono mgongoni. Akatazama. Akatazama muda mrefu mpaka vigelegele vikaisha vyenyewe.

"Marwa."

"Naam."

"Hapa naona mavi na kipande cha kamba. Mwenye navyo yuko wapi?"

Tukaenda kutazama. Mlango wa nyuma wa bodi ulikuwa wazi, unaning'inia. Mzee Marwa akanigeukia. "Mama Fundi, dume yuko wapi?" Utafikiri nilikuwa nimemfungua na spana.

Mzee mmoja akasema watu wa dhahabu sasa wanakuja kuwachezea wakwe zao. Mwingine akaanza kutafuta fimbo yake aondoke. Mzee Matiko hakupandisha sauti, ningeomba angepandisha. Alisema, "Nilikuomba mnyama mmoja. Jua likizama hajafika, asubuhi utawachukua na hawa wengine."

Mzee Marwa akarukia kwenye gari arudi kumtafuta. Akawasha, akaweka gia, akaachia klachi. Injini ikanguruma mpaka kuku wakakimbia, lakini pikapu haikusogea hata kiasi cha kiganja. Moshi ukatoka chini, na watoto wakaanza kucheka. Nikaenda dirishani.

"Zima, mzee. Klachi imekwisha."

"Na zile nguvu zote?"

"Zipo. Hazina njia ya kufika kwenye tairi."

Akazima. Akabaki ameshika usukani. Yule mtu mkubwa aliyekuwa anajaza gereji yangu kwa kicheko alionekana mdogo mle ndani kama mtu aliyekaa kwenye gari la mwenzake.

Hapo akatoka Nyangi. Hakupaswa kutoka, alikuwa amewekwa ndani na shangazi zake, na mama yake akamwambia arudi. Akasema kwa heshima, hata hakumtazama mtu usoni, "Baba, Chacha alikuwa nyuma kwa pikipiki na hajafika. Kama dume yuko njiani, basi Chacha yuko naye. Naomba niende niwapelekee maji." Mzee Matiko hakusema nenda wala kaa. Nyangi akachukua kidumu cha maji. Mimi nikamfuata, kwanza kwa sababu klachi haitengenezwi kwa kuitazama, na pili kwa sababu macho ya wale wazee yalikuwa yananichoma.

Tuliwakuta chini ya kilima. Dume alikuwa mzima kabisa. Pikapu iliporuka kamba ilikatika, akarudi kinyumenyume akausukuma mlango kwa makalio, na kwa kuwa gari lilikuwa limeinua pua na nyuma iko chini, alishuka kama mtu anayeshuka ngazi. Halafu akaingia kwenye mahindi ya watu. Chacha alikuwa ameshamwomba radhi mwenye shamba, pikipiki ameiacha pale kwake, na sasa alikuwa anamwongoza dume kwa ile kamba iliyobaki, hatua moja moja. Kwato iliyovimba ilikuwa imezungushiwa kitambaa cheusi kizuri. Nilipotazama vizuri nikaona mfuko na vifungo.

"Nilipiga honi mpaka nikachoka," Chacha akaniambia. "Baba akanipungia mkono."

Nyangi akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na Chacha naye akacheka, mimi nikaketi kabisa kwenye majani. Dume akanywa maji. Kisha tukapanda. Aliposimama tulisimama. Chacha upande mmoja, Nyangi upande mwingine, hawakusema sana, ila mara moja nilimsikia Nyangi akimwuliza, "Sasa utavaa nini?" na Chacha akajibu, "Nitajua huko huko."

Tuliingia jua likiwa bado lina urefu wa mtu juu ya kilima. Mzee Matiko akaja, akapiga goti moja kwa shida, akalishika lile guu la dume, akafungua kitambaa, akaigusa kwato. Akakikunjua kile kitambaa akaona ni koti.

"Hili la nani?"

"La kwangu, tata," Chacha akasema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Ulikuwa unataka kuoa na nini?"

"Nilikuwa nataka kwanza afike."

Mzee Matiko akalizungusha koti tena kwenye kwato, akalifunga vizuri kuliko lilivyokuwa. Akainuka. "Mpeni kiti," akawaambia wanawe. "Karibu na changu." Kisha akamgeukia Mzee Marwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kona ya mdomo wake ikisogea. "Wewe Marwa kaa na gari lako. Mwanao ndiye atakayekula na mimi."

Baadaye alimkaribisha, bila shaka, na wakala wote, na mimi nilikula nyama mpaka nikafungua mkanda wa ovaroli. Siku iliyofuata maksai wa Mzee Matiko waliivuta pikapu mpaka barabara kubwa. Mzee Marwa alikaa kwenye usukani njia nzima, na wale waliokuwa wanalima walisimamisha majembe wakamwamkia mmoja mmoja. Aliwaitikia wote. Hakugusa honi.

Klachi ilipofika kutoka Mwanza niliifunga mimi mwenyewe, mpya yote, pleti na presha yake na beringi. Odhiambo akaja na begi lake, na safari hii alianza na shikamoo. Nafikiri alijifunza kwa ajili ya mzee. Mzee Marwa alikuwa amekaa kwenye kile kibao bila kuambiwa. Vioo vya pembeni nilikuta ameshavinyanyua, na mapazia yamekwenda kwa mkewe.

Odhiambo akafungua kompyuta. "Mzee, sasa klachi ni mpya, inaweza kubeba. Unataka nikuachie zile nguvu zote, ama nipunguze?"

Mzee Marwa akafikiri. Akainuka, akaenda nyuma ya pikapu, akaujaribu mlango wa bodi kwa mkono, akaufungua na kuufunga.

"Nipe zile zinazofika na mzigo," akasema.